Kumwinda ayala kwa upinde: mwongozo kamili kwa anayeanza Ohio

Tuanze na jina, maana hata sisi wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, hatujakubaliana. Wengine humwita swala, wengine kulungu, na watoto wetu husema "dia" ya Kiingereza basi. Mimi nimeshika jina la ayala, lile la Zaburi, kwa sababu mnyama huyu si swala. Pembe za swala ni zake mpaka anakufa. Za ayala dume huanguka kila mwaka wakati wa baridi, kisha huota nyingine zenye matawi. Ninayemzungumzia hapa ni ayala mkia-mweupe. Akishtuka huinua mkia, na kitu cha mwisho unachokiona ni weupe ule ukipotea katikati ya miti. Utauona mara nyingi sana kabla hujala nyama yake.

Mwenye bunduki anaweza kumpiga mnyama asiyejua kama mwindaji yupo duniani. Mwenye upinde hana budi kumngoja afike yadi 20, yaani kama mita 18, na hapo ayala anasikia hata zipu ya koti lako. Yote yanayofuata, kuanzia leseni mpaka kupanda mtini, ni maandalizi ya hizo yadi 20.

Karatasi kwanza

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania wengi tumekua tukijua kwamba kuwinda ni kazi ya watalii matajiri au majangili. Ohio mambo ni tofauti: fundi magari, mwalimu, muuguzi, wote wanawinda. Lakini wanyama ni mali ya umma na wana hesabu. Kufikia 1904 ayala walikuwa wamekwisha kabisa katika jimbo hili. Msimu ulipofunguliwa tena mwaka 1943 ulikuwa wa kaunti tatu tu, na leo wako katika kaunti zote 88. Sheria unazoziona kama usumbufu ndizo zilizowarudisha.

Kwanza fanya kozi ya usalama wa uwindaji. Inapatikana kwa intaneti. Kama unataka kujaribu kabla ya kozi, kuna leseni ya mwanagenzi, lakini lazima uwe na mtu mzima mwenye leseni yake. Baada ya hapo unanunua vitu viwili: leseni ya uwindaji, na juu yake kibali cha ayala. Watu husahau hicho cha pili. Vyote vinapatikana kwenye programu ya simu ya jimbo, HuntFish OH, na humo humo ndimo utakamosajili mnyama uliyempata.

Msimu wa upinde huanza mwishoni mwa Septemba na kwenda hadi mapema Februari. Saa za kuwinda ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama. Idadi unayoruhusiwa hutofautiana kati ya kaunti na kaunti, na hubadilika, kwa hiyo soma kijitabu cha kanuni kila mwaka. Mwenye pembe ni mmoja tu kwa msimu katika jimbo zima, hata ukiwa na vibali vingapi. Wiki ya bunduki inayofuata Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mwishoni mwa Novemba, hata mwenye upinde huvaa fulana ya rangi ya chungwa.

Mahali pa kuwindia usipokuwa na shamba? Msitu wa taifa wa Wayne, kusini mashariki mwa jimbo, uko wazi kwa umma. Mashamba binafsi ni mazuri zaidi, ila Ohio inataka ruhusa ya maandishi, na ukae nayo mfukoni. Mimi nilimpata mwenye shamba kwa kugonga mlango mwezi Julai, mchana, na mke wangu pembeni. Usiende Novemba alfajiri umevaa nguo za mabaka. Fikiria mwenyewe mtu huyo anavyoonekana kwenye kibaraza cha watu. Msimu ukiisha, mpelekee nyama.

Neno moja kwa walio na makaratasi ya uhamiaji yanayosubiri majibu: upinde hauhesabiwi kuwa bunduki katika sheria za shirikisho, kwa hiyo dukani hakuna ukaguzi wa historia yako. Lakini kuwinda bila leseni, au kuvuka mpaka wa jimbo na mnyama aliyewindwa kinyume cha sheria, ni kosa lenye meno. Sheria ya Lacey inayohusu jambo hilo la pili ni ya mwaka 1900 na bado inafanya kazi.

Upinde unaokutosha

Upinde wa siku hizi una magurudumu mawili kama kapi za jahazi, moja kila ncha. Huitwa kampaundi. Mwanzo wa kuvuta ni mzito, halafu ukifika nyuma kapi zinakupokea mzigo. Upinde wa pauni 50 (huo ni uzito wa kuuvuta, kama kilo 23) unaopunguza asilimia 80 unakuachia pauni kumi tu za kushikilia wakati unamngoja mnyama ageuke. Krosibou, ule upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki, nayo inaruhusiwa msimu mzima, na kwa mwenye bega bovu ni msaada mkubwa. Upinde wa kawaida usio na kapi uache kwa mwaka wa tatu.

Sheria inataka upinde usiopungua pauni 40. Mgeni anatoshwa na 45 hadi 55. Mtihani ni huu: kaa kwenye kiti, nyoosha upinde mbele yako, kisha vuta polepole bila kuuelekeza juu. Ukilazimika kuuinua juu ndipo uvute, huo si wako, hata muuzaji aseme nini.

Urefu wa kuvuta, yaani umbali unaourudisha upote nyuma, ni muhimu kuliko uzito. Tandaza mikono, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole kwa inchi, kisha gawanya kwa 2.5. Mwenye inchi 70 anavuta 28. Upinde wangu wa kwanza niliununua mkononi mwa mtu mrefu aliyeniapia kwamba "utauzoea". Nilichozoea ni alama nyekundu kwenye kigasha, kwa sababu upote ulikuwa unanichapa kila mshale ulipotoka. Nenda duka lenye fundi wa pinde, upimwe, upangiwe pini za shabaha na kile kitundu cha kuchungulia kilichofungwa kwenye upote. Na usiufyatue upinde ukiwa mtupu, hata kwa mzaha. Bila mshale wa kupokea nguvu, unaweza kupasuka usoni mwako.

Mshale kamili wa gramu 26 hadi 29 unafaa. Kabla ya kila kipindi cha mazoezi kunja kidogo kila mshale wa kaboni na usikilize: ukitoa mlio wa kupasuka, uvunje utupe, maana mshale wenye ufa unaweza kupasukia mkononi. Chembe ya kuwindia, yaani kichwa cha mshale, iwe na makali mawili au zaidi, na upana usiopungua robo tatu ya inchi. Chukua zenye makali yasiyokunjuka. Zile zinazofunguka zikigonga zina mashabiki, lakini hula nguvu ambayo upinde mwepesi hauna. Wawata wa Tsavo waliwaangusha tembo kwa pinde nzito kuliko zinazovutwa na wengi wetu, ila iliyokuwa ikiua ni sumu. Ohio sumu kwenye mshale ni kosa. Hapa mnyama hufa kwa kuvuja damu, na damu inatoka kwa makali, kwa hiyo chembe isiyonyoa unywele wa mkono haijawa tayari.

Mazoezi

Anza Juni. Mishale 20 kwa siku inatosha. Ukichoka unajifundisha makosa. Sahani ya karatasi ya inchi tisa ni sawa na mahali mapafu na moyo vilipo. Umbali wako halali ni ule ambao mishale yote inaingia kwenye sahani, kila siku, hata ile ya kwanza unayopiga ukiwa bado na baridi na usingizi. Kwa wengi wetu mwaka wa kwanza umbali huo ni yadi 20. Usione haya.

Mwezi wa mwisho vaa koti lile lile utakalovaa msituni, kwa sababu mkono wa koti hugusa upote. Piga ukiwa umekaa, na piga kutoka juu, hata kama ni kwenye ngazi za nje za nyumba. Ukiwa juu pinda kiunoni, usiushushe mkono peke yake. Tumia chembe zile zile za kuwindia, maana hazirukii sawa na za mazoezi.

Kumsoma mnyama

Septemba na Oktoba ayala anafikiria tumbo. Anakula soya, mahindi, matofaa yaliyoanguka, na zaidi ya yote mbegu za mwaloni. Mwaloni mweupe anaupenda kuliko mwekundu kwa kuwa mbegu zake si chungu. Ukiuona mmoja unadondosha, na chini majani yamefukuliwa na kuna kinyesi kibichi kama punje za kunde nyeusi, umefika.

Novemba, hasa katikati yake, madume huwa na wazimu wa majike. Utaona miti midogo iliyochubuliwa magome kwa pembe, na mahali paliposafishwa kwa kwato chini ya tawi linaloning'inia, pananuka mkojo. Wakati huo dume anaweza kupita saa sita mchana akiwa ameinamisha pua kama mtu aliyepoteza funguo. Ukiwa na likizo ya siku chache tu, zichukue kati ya Novemba 5 na 15.

Macho yake ni tofauti na yetu. Rangi nyekundu na ya chungwa haioni vizuri, ila bluu anaiona sana, na sabuni za kung'arisha nguo huifanya nguo ing'ae machoni mwake. Kwa hiyo suruali yako ya jinzi ni mbaya kuliko ile fulana ya chungwa. Na mwendo anauona kuliko rangi yoyote.

Upepo

Hapa ndipo niliposhindwa msimu mzima wa kwanza, na ndipo nitakapokaa kidogo. Macho ya ayala unaweza kuyadanganya, masikio pia. Pua, hapana. Dawa za kuua harufu zinazouzwa kwa bei kubwa zinapunguza tu. Ukiwa upande upepo unakotoka, atakujua.

Kwa hiyo usichague mahali kwanza kisha uuombee upepo. Angalia utabiri usiku, ujue upepo unatoka wapi, ndipo uchague mti. Uwe na miti miwili au mitatu iliyoandaliwa kwa pepo tofauti. Upepo ukiikataa yote, lala nyumbani. Mti mmoja mzuri ukiukalia siku mbaya, ayala wanaujua, na wanauzunguka kwa wiki kadhaa.

Kusini mashariki mwa Ohio ni vilima, na vilimani hewa ina tabia yake. Jua likipasha mteremko asubuhi, hewa hupanda juu. Jioni ikipoa, hushuka bondeni kama maji. Mimi nilikuwa nakaa juu ya bonde jioni, najisifu kwamba upepo ni mzuri, na kila siku saa kumi na moja nasikia ayala akikoroma kule chini kwa hasira, ile pumzi yao ya kuonyana. Chupa ndogo ya unga wa poda ndiyo iliyonifumbua macho: niliupuliza, ukaelea kidogo kuelekea nyuma, halafu ukajikunja na kushuka taratibu moja kwa moja mpaka kwenye njia ya ayala. Siku hizi napuliza kila nusu saa.

Dungu

Shambani kwetu mlinzi wa ndege hukaa kwenye dungu. Hili la ayala ni kiti kinachofungwa kwenye shina, mita tano hadi sita kutoka ardhini. Chanzo kikubwa cha majeruhi wa wawindaji ayala Marekani ni kuanguka kutoka madunguni, na wengi huanguka wakati wa kupanda au kushuka. Vaa mkanda wa usalama wa mwili mzima, siyo wa kiunoni, na ufunge kwenye kamba ya usalama tangu mguu ukiwa chini. Mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viguse ngazi wakati wote. Upinde usipande nao: ufunge kwenye kamba, mishale ikiwa ndani ya podo, kisha uvute ukishakaa. Ukianguka na mkanda ukakushika, kuning'inia muda mrefu nako kunaua, kwa hiyo uwe na kitanzi cha kukanyagia, na simu iwe mfukoni, si kwenye begi. Mwambie mtu nyumbani uko mti gani na unarudi saa ngapi.

Kama urefu unakutia kizunguzungu, kaa chini ndani ya kibanda cha turubai. Na ukirudi jikague kupe mwili mzima. Homa ya Lyme, inayoletwa na kupe, ipo Ohio.

Yadi 20

Asubuhi ya baridi kali majani yanalia kama karatasi. Kindi anapiga kelele nyingi, anakimbia na kusimama hovyo. Ayala ni hatua mbili, kimya, hatua tatu, kimya. Ukishaujua mdundo huo hutausahau.

Usivute ukimwona. Ngoja kichwa kipite nyuma ya mti au ageuze uso, ndipo uvute. Pigo linalokubalika ni ubavu kamili, au ubavu wa kukupa mgongo kidogo, ambapo mshale unaingia nyuma ya mbavu na kuelekea bega la upande wa pili. Akikutazama uso kwa uso, acha. Akiwa chini yako kabisa, acha. Akikupa makalio, acha. Lenga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka tumboni kwenda juu, na ungoje mguu wa upande wako uende mbele ili bega lifungue. Kama anatembea, toa sauti ndogo ya mbuzi kwa mdomo, "mee". Akisimama, achia.

Mshale unaokwenda mita 85 kwa sekunde huchukua moja ya tano ya sekunde kufika yadi 20. Sauti ya upote inamfikia kabla, naye huinama ili ajirushe. Ndiyo maana ayala aliyetulia yadi 20 ni wako, na aliyesimamisha masikio yadi 30 si wako, hata kama nyumbani unaipata ile sahani.

Baada ya mshale

Usishuke. Kariri mti alikosimama, na mahali ulipomwona mwisho. Sikiliza. Kisha tazama saa, kwa sababu dakika mbili zitaonekana ishirini.

Baada ya nusu saa shuka kimya uusome mshale. Damu nyekundu ya kung'aa yenye mapovu ni ya mapafu. Mfuate, yuko karibu. Damu nzito iliyokolea ni ya ini: subiri saa nne hadi sita. Uchafu wa kijani au kahawia wenye harufu ni wa tumbo: ondoka, urudi baada ya saa nane hadi kumi na mbili. Ayala aliyejeruhiwa asipofuatwa hulala karibu na kufia hapo. Akisukumwa, anakwenda mpaka anapotea.

Najua kwa sababu jike wangu wa kwanza nilimpiga ini. Damu ilikuwa nyeusi kama mvinyo wa zambarau, na mzee mwenye shamba alikuwa ameshanieleza maana yake. Nilishuka baada ya dakika kumi. Nilimwona akiinuka yadi 60 mbele yangu, akaondoka, na alama zikaishia kwenye kijito. Nilitafuta siku mbili.

Ukifuata damu, weka kipande cha karatasi ya chooni kila unapoona tone, kisha geuka nyuma utazame mstari. Utakuonyesha anakoelekea. Akivuka uzio wa jirani, ruhusa ya jirani inahitajika kwanza. Ukimpata, mguse jicho kwa ncha ya mshale ukiwa upande wa mgongo. Asipopepesa, amekufa. Jaza lebo hapo hapo, kisha umsajili kabla ya adhuhuri ya siku inayofuata.

Waislamu huniuliza kila msimu kama nyama hii inaliwa. Niliyofundishwa na sheikh wangu ni kwamba unasema Bismillahi unapoachia mshale, na mshale uue kwa makali yake. Ukimkuta bado hai, mchinje. Ukimkuta amezama majini, usile, kwa sababu hujui kilichomuua ni mshale au maji. Mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya msimu, asingoje mnyama akiwa kwenye buti la gari.

Nyama

Vaa glavu. Mlaze chali, pasua ngozi kutoka nyongani hadi kidarini, vidole viwili vikiinua ngozi mbele ya kisu ili ncha isiguse utumbo. Kata kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, ingiza mkono mpaka koo, kata koromeo, halafu vuta; vitu vyote vinatoka pamoja. Kibofu kitoe kwa adabu. Kisha poza haraka: nyama ikae chini ya nyuzi 4 za Selsiasi. Septemba, joto la mchana linaoza nyama kwa saa chache, kwa hiyo uwe na barafu garini kabla hujaondoka nyumbani.

Katika kaunti za Wyandot, Hardin na Marion kuna ugonjwa wa kudhoofisha ayala, uliothibitishwa kwa mara ya kwanza kwa wanyama wa porini wa Ohio mwaka 2020. Hauuliwi na moto wa jikoni. Ukiwinda huko soma kanuni za eneo lile, peleka sampuli, na usile mpaka majibu yaje. Akikutwa nao, nyama inatupwa.

Jike wa wastani hutoa kilo 18 hadi 23 za nyama isiyo na mfupa. Wagawie majirani, ipeleke msibani, lakini usiuze hata kilo moja; kuuza nyama ya ayala wa porini ni kosa, na kundi la WhatsApp la jumuiya si mahali pa siri. Sarara na nyama ya mgongo zipike haraka kwenye moto mkali. Miguu ndiyo ya pilau na mchuzi, kwa saa mbili au zaidi. Mafuta yake yakipoa huganda kwenye kaakaa kama nta, kwa hiyo yatoe yote kabla ya kupika, na utie samli yako.